Bendera Haina Haraka

Siku Stany alipogundua kwamba sauti ya askari mzee inalinda kuliko kufuli, alikuwa ameenda stesheni ya Kolwezi kuuza maji ya kisima kama dawa ya macho. Biashara ilikuwa mbovu. Stesheni ilijaa watu waliokuwa wamelia hadi macho yao yakasafika yenyewe.

Watu wenyewe walikuwa wa Kasai. Ndivyo walivyoitwa mwaka ule, ijapokuwa wengi walizaliwa Kolwezi, wakasoma Kolwezi, wakazika baba zao Kolwezi, mpaka asubuhi moja jirani waliyekuwa wakimwazima chumvi akawaambia warudi kwao. Hapo mi sina neno. Nikianza kusema nitatukana, na ninyi mlikuja kusikiliza hadithi ya kuchekesha. Mgodi ulikuwa umejaa maji, mishahara imepotea, na njaa ikishapata mtu wa kumlaumu huwa inasahau kutafuta chakula. Basi walikaa stesheni na vitanda, makabati, masufuria na kuku, wakingoja treni ambayo hata mkuu wa stesheni alisikia habari zake kwa wapita njia.

Wakaja vijana wenye fimbo, wale waliojipa kazi ya kupekua masanduku ya wanaoondoka ili wasitoroshe mali ya Katanga, yaani redio. Walikuwa wameshaanza kufungua la kwanza pale kizee mmoja aliyelala kando ya dirisha la tiketi, ndani ya koti zito la jeshi, alipojiinua kwa kiwiko.

"Garde-à-vous," alisema. Hakupiga kelele.

Vijana wote wakakakamaa. Mmoja aligonganisha visigino, na alikuwa peku. Kizee akawatazama kidogo, akasema tena, "Demi-tour. Marche." Wakageuka, wakaenda kwa hatua moja ya gwaride, na walikuwa wameshafika barabarani pale walipoanza kuulizana ni nani aliyewaamuru.

Stany alirudisha chupa zake za dawa ya macho ndani ya mfuko. Huyu Stany alibatizwa Stanislas, lakini jina refu huchelewesha mtu anayekimbia. Kwa watu wa Kasai alikuwa na mama wa Kasai. Kwa watu wa Katanga alikuwa na baba wa Katanga. Kwa mapadri alikuwa yatima. Alikwenda akachuchumaa mbele ya lile koti.

"Mon adjudant," alisema, kwa kubahatisha cheo, na akapatia. "Tata, unalala wapi?"

"Hapa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Hapa. Nageuka tu."

Stany alisikia machozi yakimlengalenga. Msidhani ni huruma. Ni yale machozi ya mtu aliyeokota pochi barabarani, akageuka huku na huku, akaona hakuna anayetazama.

Maana siku zile, familia ya Kasai ikitoka nyumbani, nyumba haikukaa na uzima wake hata mpaka jioni. Milango ilikwenda, mabati yakafuata, na wengine waling'oa hata choo, wakakibeba kichwani katikati ya mji kwa heshima zote. Ukimweka askari mlangoni, nani atagusa? Na nyumba isiyoguswa inauzika. Ilikuwa hesabu rahisi mno, hata Stany aliona aibu kidogo kwamba hakuiona mapema.

Kesho yake kibao kikapakwa rangi: ŒUVRE YA MAKAO YA KUPITA KWA ASKARI WAZEE WASIO NA NYUMBA. Œuvre ni shirika la hisani, na maelezo yake Stany aliyatoa kwa kila aliyesimama. Taifa limewasahau waliolipigania, wanalala kwenye saruji. Basi tuwape paa kwa muda, sufuria na mlango wa kufunga, mpaka wajisimamie wenyewe au mpaka serikali iwakumbuke, lolote litakalotangulia. Wazo lenyewe, ukilisikiliza vizuri, ni zuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba lilitoka kwa Stany.

Adjudant Mukalay, ndilo jina la kizee, alikubali. Alikuwa amelitumikia jeshi tangu ujana, mpaka siku jina lake lilipopotea kwenye orodha ya pensheni na nyumba ya kambini ikapewa mwingine. Alikuja na wenzake wawili wa pale stesheni: mmoja kiziwi wa sikio la kushoto kwa sababu ya mizinga, mwingine mpiga baragumu wa zamani asiye na baragumu, aliyekuwa akilipiga kwa midomo mitupu.

Ilibaki nyumba. Stany alikuwa ameshaichagua. Ilikuwa mtaa wa Manika, ya matofali, baraza lake jekundu linang'aa kwa nta, na mwenyewe alikuwa mjane, Mama Mbombo. Marehemu mumewe, Louis, alikuwa dereva wa malori makubwa ya mgodini, na aliijenga ile nyumba tofali baada ya tofali, kila mshahara na safu yake. Vijana wenye fimbo walikuwa wamempa mama mpaka Jumapili awe ameondoka.

"Moyo, mamu," Stany alimsalimu kwa Kiluba cha Kasai, mkono kifuani.

"Moyo," alijibu Mama Mbombo, bila kumkaribisha kiti. Stany akajikaribisha.

"Mama, hii nyumba batakuvunjia. Bale batoto batang'oa milango, batang'oa mabati. Lakini ukiniachia mi, natia basoda bazee, askari ba zamani, mule ndani, batu banalinda. Siku utarudia, unakuta kikombe chako palepale ulikiacha."

"Na we unapata nini?"

"Baraka, mama."

"Na nini tena?"

"Kwangu baraka inatosha."

Mama Mbombo alikuwa ameuza mikate sokoni tangu binti yake Blandine akiwa mgongoni, na alijua kwamba mtu anayeshiba kwa baraka amekula kwingine. Lakini sasa Blandine naye alikuwa na mtoto mgongoni, Abigaëlle, ambaye alikuwa ameshikwa na homa siku kadhaa. Wakienda kungoja treni pale stesheni, wangelala chini na mtoto mgonjwa, na pale stesheni watoto walikuwa wameshaanza kuzikwa. Wakifika Tenke, ingekuwa nafuu, maana treni za kutoka Likasi zinapita kule, na kuna parokia yenye dawa. Ila Tenke ni mbali, na gari halikuwepo.

"Nitakuachia," alisema hatimaye. "Ju ya kitu kimoja. Unitafutie gari ya kutufikisha Tenke, mi na mutoto wangu na mujukuu."

"Gari itakuwa," alisema Stany, mtu ambaye hakuwa na hata baiskeli.

Akavuka barabara. Upande wa pili alikaa Tata Mbayo, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye tumbo, duka na Peugeot 404 ya kubebea mizigo. Miaka yote alikuwa akimwamkia Mama Mbombo kila asubuhi huku macho yake yakiwa kwenye mabati ya mama. Stany hakuhitaji kumtongoza sana.

"Ile nyumba, Tata Mbayo. Iko mu mikono yangu."

"Itakuwa mu mikono ya basoda, nasikia."

"Basoda ni ya nani? Si ya mi? Nitabaweka pale ju batu basiibe milango yako. Mama akiondoka, natoa amri moja, banatoka na mlango wa nyuma."

Mbayo aliulamba mdomo wa juu. "Unataka nini?"

"Peugeot."

Mbayo alikohoa mpaka mkewe akaleta maji. Stany alingoja kwa adabu.

"Pesa leo ni nini, tata? Asubuhi unanunua mbuzi, jioni hata kiberiti hawakupi. Gari itaoza. Nyumba ya matofali haiozi."

Tata Mbayo alitazama gari, akatazama nyumba, akatazama gari tena. Tamaa ni kitu cha ajabu, haina hata haya ya kujificha usoni. Akakubali, lakini kwa sharti.

"Mi si mwizi," alisema. "Bengine banaingia usiku, banavunja kufuli. Mi nataka remise-reprise. Meza, kitambaa, bendera, majirani bote banaona."

Wageni wa nchi hii niwaeleze kidogo. Kwetu kitu hakitoki mkono huu kwenda mkono ule bila remise-reprise. Waziri anapoondoka, anamkabidhi mwenzake wizara mbele ya watu. Mwalimu anakabidhi chaki. Hata mama anayefagia kanisa anakabidhi ufagio, na lazima awepo mtu wa kusema maneno mawili. Kitu kilichokabidhiwa hivyo ni halali, na kisichokabidhiwa ni cha wizi, hata kama ni chako. Mbayo alitaka kunyang'anya mjane kwa njia safi.

"Utaipata," alisema Stany. "Nitaita hata basoda ya kweli ya kambini. Kaporali na batu yake."

Akaenda kambini siku ileile akamwahidi kaporali mmoja kreti za bia, ambazo angezinunua baada ya kuuza Peugeot, kama angekuwepo bado, na hakukusudia kuwepo. Mpango wake ulikuwa umeiva. Mama Mbombo aliambiwa kwamba Mbayo ni mfadhili anayetoa gari la kumpeleka Tenke. Mbayo aliambiwa kwamba mizigo ya mama itakwenda kwa mkokoteni. Kila mtu alisikia kinachomfaa. Bendera ikishapanda na mikono ikishapeanwa, Stany angeingia ndani ya Peugeot peke yake na kushika barabara ya Likasi. Mama na mtoto mwenye homa wangebaki kando ya njia, juu ya mafurushi yao. Niliwaambia nitatukana? Najizuia.

Jumamosi aliwaleta wale wazee Manika ili waizoee nyumba. Mama Mbombo alifungua mlango, akamwona Mukalay, na mkono wake ukabaki kwenye kitasa. Mukalay alivua kofia. Stany hakuona kitu, alikuwa akipima madirisha kwa macho. Alipokwisha kupima, akaaga kwa kuwabariki wote, akaenda zake.

"Umezeeka, sajini," alisema Mama Mbombo.

"Siku hizi adjudant, mama." Mukalay alitazama sakafu. "Kile kitanda kingali?"

Kilikuwepo. Katika ile vita ya Kolwezi, miaka kumi na mitano nyuma, waasi walipoingia mjini wakawa wanasaka askari wa serikali nyumba kwa nyumba, Mukalay aliruka ukuta wa Louis akiwa na magwanda yake yote. Louis alimsukuma uvunguni. Mama Mbombo akajilaza juu ya kitanda, akajitia uchungu wa kuzaa, akapiga mayowe yale ambayo mwanamume yeyote akiyasikia anakumbuka ana kazi kwingine. Wenye bunduki walifika mlangoni, wakaomba radhi, wakaondoka. Mukalay alitoka mjini amevaa suruali ya Louis.

"Na miezi yote hii unalala stesheni," mama alisema, na sauti yake ilianza kupanda. "Mulango huu unaujua. Ju ya nini haukubisha?"

"Mama, mutu alikuona unatetemeka chini ya kitanda, utamuomba bukari namna gani?"

Mama Mbombo alikasirika kweli. Alimpiga lile koti kwa kitambaa cha jikoni, vumbi likatoka, akampiga tena. Alimwita mjinga, akamwita mwenye kiburi, akasema Louis angekuwa hai angemvua ile suruali. Kisha aliketi akalia, kwa sababu alikuwa hajalia tangu wiki ilipoanza, na baada ya hapo akasonga bukari, ugali wa kwetu, kwa ajili ya watu wote.

Wakiwa wanakula, Mukalay alimwambia yote. Mtu asiye na nyumba, watu humhesabu kama ukuta. Stany alikuwa amekwenda naye kambini, akamweleza kaporali mbele yake habari za Mbayo na za Peugeot atakayoiuza Likasi, bila hata kupunguza sauti.

"Nilijua," alisema mama. "Nilijua tangu aliposema baraka inamtosha."

Blandine alikuwa akimpoza Abigaëlle kwa kitambaa cha maji. Mtoto alikuwa amelegea, hakutaka titi. "Tukimkatalia, hatuna gari," alisema. "Tukimkubalia, hatuna gari na hatuna nyumba."

"We unaweza kuendesha?" Mukalay alimuuliza.

"Mi ni mutoto wa Louis."

Hilo lilikuwa jibu. Louis alikuwa amewafundisha watoto wake wote kuendesha kabla hawajajua kupika. Mukalay alilamba vidole, akafikiri.

"Bendera ikipanda," alisema, "nani anatembea?"

"Hakuna mutu," alisema mama. Kila mtu anajua hilo. Tangu shule ya msingi tumefundishwa: bendera ikianza kupanda, popote ulipo, unasimama, mikono chini, hata kama chungu anakuuma. Mwenye baiskeli anashuka. Na kama kuna askari karibu, anayetikisika anajuta.

"Hakuna mutu," Mukalay alikubali, "isipokuwa yule mwenye ameamriwa."

Mama Mbombo alimtazama, kisha akaanza kucheka.

Jumapili baada ya misa barabara ilijaa. Mlingoti ulikuwa bomba la maji ambalo halikuwa limeona maji tangu kampuni iliposimama, nao ulichimbiwa mbele ya lango. Bendera ilitoka shule iliyofungwa. Meza ilifunikwa kwa kitambaa cha sherehe ya komunyo ya mtu fulani. Kaporali alikuja na askari wake wanne, bunduki mabegani, wakipanga mstari na kutafuta kwa macho kreti za bia. Tata Mbayo alivaa suti ya harusi yake, akaifunga kwa kifungo kimoja, vingine vilikataa. Peugeot ilikuwa imeoshwa. Mafurushi ya Mama Mbombo yalikuwa kwenye baraza, na wanawake watatu, tukimhesabu Abigaëlle, walikuwa kando ya mizigo hiyo.

Stany alitoa hotuba. Alivaa medali za visoda vya chupa, na ukiwa mbali zilikuwa na hadhi. Alizungumza juu ya damu, taifa, paa, na moyo wa Tata Mbayo. Kuna watu waliofuta machozi, na mmoja wao alikuwa Stany.

"Sasa remise-reprise," alisema akinyoosha mkono kwa Mbayo apokee ufunguo wa gari.

"Hapana," alisema Adjudant Mukalay.

Stany aligeuka.

"Mbele ya bendera mutu hashiki kitu mukononi," Mukalay alieleza, kwa upole, kama anayemkumbusha padri mahali pa misa. "Bitu byote binawekwa juu ya meza. Bendera inapanda. Njo tunapokea. Si vile, kaporali?"

Kaporali hakuwa na hakika, lakini hakuna kaporali duniani anayetaka kuonekana hajui kanuni mbele ya adjudant. "Njo vile," alisema.

Ufunguo wa nyumba ukawekwa juu ya kitambaa. Ufunguo wa Peugeot ukawekwa kando yake. Stany aliutazama jinsi mtu anavyotazama nyama ikikaangwa, akarudi mahali pake.

"Garde-à-vous."

Askari waligonga visigino, barabara yote ikanyooka. Mpiga baragumu alijaza mashavu, akaanza wimbo kwa midomo, na Mukalay akaanza kuvuta kamba.

Nimeona bendera nyingi zikipanda. Sijaona iliyopanda hivyo. Ilitoka chini kwa kipimo cha ukucha. Ikasimama. Ikapanda ukucha mwingine. Wimbo ulikwisha, mpiga baragumu akaanza upya. Bendera ilipofika kiunoni, Mukalay aliona imepinda, akaishusha yote, akainyoosha, akaanza tena. Na bila kugeuza kichwa, kwa ile sauti ya stesheni, akawaamuru wabeba mizigo:

"Corvée ya mizigo. En avant, marche."

Kiziwi, aliyekuwa amewekwa upande wa sikio lake zuri, akapiga hatua. Mama Mbombo akafuata, furushi kichwani, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nyuma yake Blandine, na mtoto mgongoni. Walipita mbele ya meza. Blandine akachukua ufunguo wa gari, akaendelea na mguu uleule. Mizigo ikaingia nyuma ya Peugeot, sanduku, godoro, masufuria. Kiziwi akarudi kwa furushi jingine, na hakuna aliyetikisika, kwa sababu waliokuwa wakitembea walikuwa wameamriwa, na wengine wote walikuwa wameamriwa kusimama.

Macho ya Stany yalikuwa yametoka. Alisogeza kidole gumba. Askari wa pembeni akamtazama, na kidole kikarudi kwenye mshono wa suruali. Tata Mbayo alitoa mlio mdogo puani.

Mama Mbombo alikuwa wa mwisho. Alichukua ufunguo wa nyumba pale mezani, akaenda mpaka mlingotini, akautia ndani ya mfuko wa koti la Mukalay.

"Nimekukabidhi," alisema, wote wakisikia. "Nyumba ya Louis na bitu byake byote. Mpaka nitarudia."

"Nimepokea, mama," alisema Mukalay. Mikono yake ilikuwa kwenye kamba, hakuweza kujifuta uso, na aliuacha ulowe mbele ya watu.

Mama alitazama baraza lake jekundu mara moja. Hakutazama tena. Akapanda, mlango ukafungwa, na binti wa Louis akatia gia ya kwanza. Peugeot ikaondoka pole pole, kwa mwendo wa gwaride. Ilipopita mbele ya kaporali, alipiga saluti.

Bendera ilifika juu baada ya vumbi la Peugeot kutulia kabisa.

"Repos," alisema Mukalay, na barabara yote ikalegea.

Kelele za Mbayo zilisikika, nadhani, mpaka mtaa wa Dilala. Nyumba yake iko wapi? Gari yake iko wapi? Kaporali aliinua mkono.

"Mama amekabidhi, adjudant amepokea, mbele ya bendera. Iko en ordre." Kisha akamgeukia Stany. "Na bia iko wapi?"

"Gari yangu!" alisema Mbayo.

"Gari ulitoa kwa Œuvre, tata," alijibu Stany, akirudi nyuma hatua moja moja. "Na Œuvre imesafirisha mama. Ni tendo la huruma. Utapata baraka."

Mbayo alichukua mpini wa jembe. Kaporali alifungua mkanda. Stany alitazama kushoto, barabara imejaa. Akatazama kulia, imejaa. Nyuma yake kulikuwa na lango moja tu, na juu yake kibao alichokilipia rangi mwenyewe. Akaliendea mbio. Lilikuwa limefungwa, maana wazee walikuwa wameshaingia.

"Halte," alisema Mukalay kutoka ndani. "Nani?"

"Ni mi, tata. Fungua."

"Hapa ni makao ya askari wazee wasio na nyumba. We ni nani?"

Mpini wa jembe ulikuwa karibu. "Askari," alisema Stany. "Mzee. Sina nyumba."

La mwisho, angalau, lilikuwa kweli. Lango likafunguka kiasi cha mtu mwembamba, likafungwa. Mbayo alisimama nje. Kuvamia nyumba ya askari mbele ya askari ni kitu ambacho hata hasira yake ilikikataa.

Habari kutoka Tenke zilikuja na mfanyakazi wa reli. Mama Mbombo, Blandine na mtoto walikuwa wamepanda treni. Masista wa parokia walimpa Abigaëlle dawa, homa ikashuka, akanyonya mpaka akalala. Na Tata Mbayo aambiwe kwamba Peugeot yake iko salama uani kwa masista, aende aichukue. Ila magurudumu na betri mama aliviuza, kwa maana treni haipandwi kwa baraka.

Mbayo aliivuta nyumbani kwa trekta la kukodi. Iko pale mbele ya duka lake, juu ya matofali, naye huketi ndani yake, nyuma ya usukani, akilitazama lango la upande wa pili.

Stany yumo ndani. Anachota maji, anatwanga majani ya sombe, anapaka nta baraza la Louis mpaka linang'aa, na Mukalay hulikagua kwa kidole. Wazee wa stesheni wameongezeka, kila chumba kina wawili, wengine wamepata kazi ya ulinzi wakahama, wengine wamechukua nafasi zao, na yule kiziwi ameoa. Yaani uongo wa Stany unaendelea vizuri sana, yeye peke yake ndiye hawezi kutoka ndani yake.

Kodi yake ni bendera. Kila asubuhi lazima atoke nje ya lango, kwenye mlingoti, na kila asubuhi Tata Mbayo hushuka kwenye Peugeot na mpini wake na kuanza kuvuka barabara. Stany anashika kamba. Wimbo unaanza, wa midomo, na Mbayo anasimama palepale alipofika, mikono chini, akitweta. Stany, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kufanya kitu taratibu, anavuta ukucha kwa ukucha, jasho likimtoka, jicho moja kwenye bendera na jingine kwenye mpini, maana ikifika juu tu ni mbio mpaka ndani ya lango.

"Pole pole, recrue," Mukalay humwambia kuruta wake kutoka barazani, kikombe cha Mama Mbombo kikiwa mezani palepale alipokiacha, hakuna anayekinywea. "Mama hajarudia bado."